Gasketi za manifoldi ya hewa kwenye pikapu ya zamani ya V8 lita 5.7

Injini ninayoizungumzia ni V8 ya Chevrolet ya inchi za ujazo 350, ambayo kwa lita ni 5.7, kama ilivyofungwa kwenye pikapu za Chevrolet na GMC. Kuna matoleo mawili yanayochanganywa mno. La kwanza ni la 1987 hadi 1995, lenye injekta mbili juu ya koo la hewa, maarufu kama TBI. La pili ni Vortec, lililoanza kwenye pikapu hizi mwaka 1996. Kwa mbali zinafanana, lakini manifoldi (chombo kinachogawa hewa kwenye silinda) ya TBI inashikwa na bolti 12 na ya Vortec inashikwa na 8 tu. Gasketi za moja hazikai kwenye nyingine, na nguvu ya kukazia bolti ni tofauti kabisa. Usinunue kitu kabla hujajua unayo ipi.

Manifoldi ya V8 imelala juu ya bonde lililo kati ya hedi (vichwa vya silinda) mbili. Chini yake kuna kamshafti na lifta, vyuma vinavyofungua valvu, na oili inayoruka muda wote injini inapozunguka. Pembeni kuna matundu ya hewa yanayoelekea kwenye silinda, na kwenye kona kuna matundu ya maji. Kwenye TBI kuna pia njia ya moshi katikati, inayopasha manifoldi joto. Kwa hiyo gasketi moja inatenganisha hewa, maji, oili na moshi. Ndiyo maana mtu mmoja atalalamika gari linamisi, mwingine atasema maji yanapungua, wa tatu oili inaisha, na wote watatu wakawa na ugonjwa mmoja.

Dalili zinazodanganya

Uvujaji wa nje ndio rahisi. Hewa inanyonywa kwenye ukingo wa juu wa gasketi, injini inayumba ikiwa silensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta), unasikia mluzi mwembamba, na ukikanyaga mafuta inatulia. Inatulia kwa sababu hewa ya wizi ni kiasi kidogo ukilinganisha na ile inayopita kooni injini ikienda kasi.

Ila kompyuta haisemi jambo lile lile kwenye injini hizi mbili. Vortec hupima hewa inayopita kabla ya koo, kwa hiyo hewa inayoingilia pembeni haihesabiwi. Mashine ya kusomea kompyuta itaonyesha kompyuta inaongeza petroli sana kwenye silensa, kisha nyongeza hiyo inashuka ukishikilia mizunguko 2,500 kwa dakika. TBI haina kipimo hicho. Inasoma shinikizo lililomo ndani ya manifoldi, hivyo hewa ya ziada inaonekana na kuongezewa petroli. Matokeo yake silensa inapanda, na valvu ya kurekebisha silensa inajifunga hadi hesabu yake ikaribie sifuri. Ukitafuta dalili ya petroli kidogo kwenye TBI utapoteza siku nzima.

Uvujaji wa upande wa chini ndio unaowatesa watu. Gasketi imekatika kwenye ukingo unaotazama bonde, kwa hiyo silinda inanyonya hewa yenye oili kutoka ndani ya injini. Ukipulizia dawa ya kusafishia kabureta kwa nje, hakuna kinachobadilika. Gari linakula oili, moshi wa buluu unaonekana, na ukitoa plagi unakuta moja au mbili zimelowa huku nyingine ni safi. Wengi huishia kufungua injini nzima wakidhani ringi zimekwisha. Kipimo chake ni hiki: toa mpira wa hewa ya ndani ya injini unaoingia kwenye manifoldi na uzibe pande zote mbili, ziba na tundu la hewa safi kwenye tapeti kava (kifuniko cha valvu), kisha unganisha geji ya mvuto (vakyumu) kwenye bomba la kijiti cha oili. Washa injini. Ikiwa nzima, shinikizo la ndani litapanda taratibu, kwa hiyo usiiache hivyo zaidi ya dakika moja. Sindano ikionyesha mvuto, manifoldi inanyonya kutoka bondeni.

Na unapotumia dawa ya kupulizia, kumbuka mabomba ya ekzosi yako pale pale chini na yanawaka moto. Moshi wa mashine ya kutafutia uvujaji ni salama zaidi na unaonyesha mahali hasa.

Kwa upande wa maji, kona za nyuma ndizo hufichika. Maji yakivuja pale hushuka nyuma ya bloku hadi kwenye kava la gia, na oili inayovuja kwenye ukuta wa nyuma wa bonde hupita njia hiyo hiyo. Watu wameshusha gia kubadilisha sili ya nyuma ya krenki, kumbe oili inatoka juu. Pitisha kioo kidogo na tochi nyuma ya distribyuta kabla ya kuilaumu sili hiyo. Kisha pampu rejeta kwa mkono ikiwa baridi hadi shinikizo lililoandikwa kwenye mfuniko wake, iache robo saa, uangalie.

Povu jeupe chini ya kifuniko cha kujazia oili si ushahidi tosha, maana gari la safari fupi hukusanya mvuke pale. Ukiona rangi ya maziwa kwenye kijiti chenyewe, hapo maji yameingia, na injini hiyo isiwashwe tena hata kwa kuihamisha uani. Beringi za krenki haziwezi kuishi kwenye mchanganyiko huo.

Kununua gasketi

Gasketi za kiwandani za Vortec zilikuwa na mwili wa plastiki wenye ukingo wa silikoni. Plastiki ile huchoka kwa joto, hasa kuzunguka matundu ya maji, na silikoni hujitenga. Leo zipo zenye mwili wa chuma, na hizo ndizo za kununua. Tofauti ya bei ni ndogo mno ukiilinganisha na kazi ya kurudia.

Kwa TBI hakikisha seti ni ya mwaka 1987 kuendelea. Kuanzia mwaka huo bolti za katikati ziliwekwa kwa pembe tofauti na zile za hedi za zamani, na matundu ya gasketi yakafuata. Nunua pia gasketi ya chini ya distribyuta, gasketi ya themostati na themostati yenyewe, silikoni ya kustahimili oili isiyoharibu sensa ya oksijeni, oili ya kujaza takriban lita 4.7, filta na kulanti (maji ya rejeta yenye dawa). Silikoni inayonuka kama siki iache dukani.

Kufungua

Toa waya hasi wa betri. Mwaga maji ya rejeta, na usiishie hapo. Rejeta ikiisha, bado bloku na hedi zimejaa, na ukiinua manifoldi maji hayo yote yatamwagikia kwenye bonde la oili. Kuna plagi ya kumwagia kila upande wa bloku, karibu na ukingo wa karta ya oili. Kwenye nyingi ya injini hizi sensa ya kugonga imefungwa kwenye tundu mojawapo. Zifungue. Zikigoma kutoa maji, sukuma waya ndani, maana uchafu huziba pale.

Toa presha ya petroli kabla ya kugusa bomba. TBI ina psi 9 hadi 13 tu, lakini Vortec hufikia psi 60 na zaidi, na petroli ya namna hiyo ikikurukia machoni si mchezo.

Piga picha kabla ya kuchomoa mpira au soketi yoyote, na uandike kwenye utepe. Mipira ya mvuto ni mingi na inafanana. Toa kisafisha hewa, kebo ya mafuta, mabomba ya petroli, mpira wa juu wa rejeta, mpira wa hita, na mpira mfupi wa maji kutoka kwenye pampu kama upo. Mabano ya alteneta na kompresa ya AC yana bolti zinazoshika mbele ya manifoldi. Yalegeze na kuyasogeza bila kukata mabomba ya gesi. Mipira iliyoganda iichane kwa kisu. Kuivuta kwa nguvu kunavunja bomba la hita, na bomba hilo likivunjikia ndani ya manifoldi utakuwa umejiongezea kazi.

Distribyuta inapita katikati ya manifoldi, lazima itoke. Kwanza peleka silinda ya kwanza kwenye kilele chake cha mbano. Silinda hiyo ni ya mbele kabisa upande wa kushoto, kama umeketi ndani ukitazama mbele. Toa plagi yake, ziba tundu kwa kidole, zungusha krenki kwa njia ya saa. Upepo ukisukuma kidole, endelea hadi alama ya puli ifike sifuri. Toa kifuniko cha distribyuta, weka alama mahali rota inapoelekea na mahali mwili wa distribyuta unapokaa kwenye manifoldi. Fungua bolti ya kishikio na uinue taratibu. Meno ya gia yake yamelala mshazari, kwa hiyo rota itazunguka kinyume cha saa. Ikiacha kuzunguka, weka alama ya pili. Alama hiyo ya pili ndiyo itakayokuokoa wakati wa kurudisha. Tangu hapo mtu yeyote asiizungushe injini.

Sasa legeza bolti za manifoldi kidogo kidogo ukianzia za nje. Zipange kwenye kipande cha boksi ulichotoboa kwa mpangilio wa manifoldi, kwani urefu hutofautiana na nyingine zina vichwa vya kushikia mabano. Manifoldi haitainuka yenyewe. Silikoni ya zamani imeikamata. Ingiza mtaimbo mfupi kwenye pembe ya mbele, pale panapoegemea ukuta wa bloku. Usiingize kamwe kati ya manifoldi na hedi, kwa kuwa mkwaruzo mmoja pale ni njia mpya ya hewa. Ya chuma cha kutupwa ni nzito, itafutie mtu wa pili.

Usafi, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo

Kabla ya kukwaruza chochote, funika bonde lote kwa matambara makavu na ujaze kila tundu la hewa kwenye hedi. Hesabu matambara na uandike idadi. Tambara lililosahaulika kwenye njia ya hewa huingia kwenye valvu mara ya kwanza unapowasha.

Tumia kikwaruzio cha plastiki au wembe mpana ulioshikwa kwa kulazwa. Zile diski za kusugulia zinazofungwa kwenye mashine ya upepo zinafanya kazi haraka na zinang'arisha, lakini zinaua injini. Vumbi lake ni la oksaidi ya aluminiamu, gumu kama msasa, linashuka bondeni, linaingia kwenye oili na kukwangua beringi. General Motors yenyewe ilitoa onyo kwa mafundi wake kuhusu jambo hili. Anayekwambia ameshazitumia miaka yote bila tatizo hajawahi kuzifungua tena injini hizo kuangalia beringi.

Kuta mbili za bloku, ya mbele na ya nyuma, zitake usafi kuliko sehemu nyingine yoyote, maana pale silikoni ndiyo inayozuia oili peke yake. Loweka tambara kwa dawa ya kusafishia breki ufute hadi tambara jipya litoke jeupe. Usipulizie moja kwa moja bondeni, itaosha oili kwenye kamshafti na lifta. Ukuta wa nyuma una tabia ya kutoa jasho la oili kutoka bondeni, kwa hiyo ufute tena dakika ya mwisho kabisa.

Safisha nyuzi za bolti kwa brashi ya waya, na matundu yake kwa bolti ya zamani uliyoikata mfereji ubavuni. Kisha kagua manifoldi. Zile za aluminiamu huliwa na kulanti iliyochakaa kuzunguka matundu ya maji. Vishimo vidogo vilivyo mbali na mstari wa gasketi havina neno. Vikiuvuka mstari huo, jaza kwa gundi ya chuma ya kuchanganya, subiri ikauke kabisa, sawazisha kwa jiwe bapa. Vikiwa vimekula hadi ukingo wa tundu lenyewe, tafuta manifoldi nyingine. Weka rula ya chuma juu ya uso wake uone kama imepinda, na kumbuka kuuliza kama hedi ziliwahi kupelekwa kusawazishwa. Hedi zilizokatwa sana husogea chini na ndani, matundu ya bolti hayalingani tena na manifoldi, na hakuna gasketi itakayoficha hilo.

Jaribu kuishusha manifoldi kavu juu ya gasketi bila silikoni na utazame matundu ya bolti. Ni dakika tano tu.

Kurudisha

Seti za TBI huja na vipande vya mpira au koki vya kuta za mbele na nyuma. Viache kwenye boksi. Vinateleza manifoldi inapokazwa na kutoka nje, au vinaiinua kiasi cha kuzuia gasketi za pembeni kubanwa vizuri. Tumia utepe wa silikoni wa unene wa mm 5 ukutani kote, na kila mwisho uupandishe mm 13 juu ya hedi, ili kona pale bloku, hedi na gasketi zinapokutana ijae. Kona hizo nne ndizo huvuja kuliko kwingine kote.

Gasketi zenyewe zisipakwe grisi. Zenye mstari wa silikoni uliochapishwa hazihitaji kitu kingine. Za karatasi ngumu zisizo na mstari huo zinapenda filamu nyembamba ya silikoni kuzunguka matundu ya maji pekee. Zile za Vortec zina vishikizo vya kuzikalisha mahali pake. Hakikisha umezielekeza sawa, kisha toa matambara na uyahesabu.

Chukua bolti nne ndefu za ukubwa ule ule, kata vichwa, zifunge kwa mkono kwenye kona nne ziwe miongozo. Manifoldi inatakiwa kushuka wima mara moja. Ukiiburuta mbele na nyuma ukitafuta matundu, umeshaukata utepe wa silikoni, na dawa ni kuinua, kufuta na kuanza upya. Fanya hivyo silikoni ingali mbichi.

Kwenye TBI baadhi ya matundu ya bolti hutokeza hadi bondeni, na oili hupanda kwenye nyuzi ikatokea kichwani mwa bolti. Paka nyuzi zote dawa ya kuziba. Kwenye Vortec tumia gundi ya kuzuia bolti kulegea. Anza zote kwa vidole. Isiyoingia kwa vidole isilazimishwe kwa spana.

Kaza ukianzia katikati, ukivuka upande hadi upande, ukielekea nje. TBI ipe hatua tatu: karibu 15 Nm (kipimo cha nguvu ya kukazia), kisha 30, kisha 47. Vortec ni 3 Nm, kisha 12, kisha 15. Ndiyo, 15 tu. Anayeikaza Vortec kwa nguvu za TBI anapasua gasketi au anang'oa nyuzi, na kwa namba ndogo kama hizo spana kubwa ya toki (inayopima nguvu ya kukazia) haiaminiki, tafuta ndogo. Rudia mzunguko wa mwisho mara mbili, kwa sababu kila bolti unayokaza inailegeza jirani yake.

Distribyuta sasa. Elekeza rota kwenye ile alama ya pili, ishushe, nayo itazunguka kwa njia ya saa hadi alama ya kwanza. Ikikataa kukaa hadi chini, ni kwamba mhimili wa pampu ya oili haujaingia kwenye mfereji wake. Tumia bisibisi ndefu bapa kuuzungusha kidogo kisha ujaribu tena. Usiivute chini kwa kukaza bolti ya kishikio. Utavunja, na pampu ya oili inaendeshwa na mhimili huo huo. Mpangilio wa nyaya za plagi ni 1-8-4-3-6-5-7-2, rota ikizunguka kwa njia ya saa.

Taimingi ya TBI hupangwa kwa taa kwenye sifuri, baada ya kuchomoa ule waya mmoja wa kahawia hafifu wenye mstari mweusi ili kompyuta isiingilie. Kwenye Vortec distribyuta haizungushwi kupanga moto wa plagi. Ikikosea jino moja tu taa ya injini inawaka kwa msimbo wa hitilafu P1345, na dawa yake ni kuitoa na kuirudisha sawasawa.

Kuwasha

Badilisha oili na filta kabla ya kuwasha. Hata ukimwaga bloku vizuri, vijiko kadhaa vya maji huwa vimeshaanguka bondeni. Iache silikoni ikauke usiku kucha kama gari halihitajiki. Jaza kulanti taratibu, washa injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, hita ikiwa kwenye moto wa juu, hadi themostati ifunguke na mapovu yaishe. Rudia kile kipimo cha mvuto kwenye bomba la kijiti, kama ndicho kilichokuleta hapa.

Injini ikishapoa kabisa, kwa gasketi za karatasi ngumu pitisha spana ya toki tena kwa 47 Nm. Zenye mwili wa chuma fuata karatasi iliyomo kwenye boksi. Kijiti cha oili kitazame kila asubuhi kwa wiki moja, na kiwango cha maji pia, kwani mfumo hutoa hewa iliyobaki na kushuka kidogo siku mbili za mwanzo. Kiwango kikishuka siku ya tano, kuna kona inavuja. Kama oili ya awali ilikuwa imegeuka maziwa, mwaga tena baada ya kilomita 300 hivi, hata ikionekana safi.